Steve Austin: pupe ya "mtu wa dola milioni 6" ina thamani gani leo?

Ana urefu wa sentimeta 33 hivi, anavaa nguo nyekundu za michezo, na nyuma ya kichwa chake kuna tundu. Ukiweka jicho lako kwenye tundu hilo, unaangalia dunia kupitia jicho lake la kushoto. Huyo ni Steve Austin, mwanasesere aliyetolewa mwaka wa 1975 na kampuni ya Kenner ya mji wa Cincinnati, katika jimbo la Ohio, nchini Marekani.

Nusu karne imepita. Watoto waliomchezea sasa ni wazee wenye wajukuu, na wengine wamekwisha kufariki. Familia zinapofungua kartoni za zamani na kumkuta humo, swali la kwanza huwa ni moja: je, anaweza kuuzwa kwa bei gani?

Jibu lake si rahisi. Wanasesere wawili wanaweza kuonekana sawasawa kwa mbali, lakini mmoja akauzwa kwa bei ya kitu kilichochakaa na mwingine akapata mnunuzi wa kulipa mara nyingi zaidi. Mara nyingi tofauti yao imo katika sehemu moja ndogo: ngozi ya mkono wa kuume.

Shujaa aliyetengenezwa upya

Ili kuelewa pupe hiyo, ni lazima kwanza kufahamu kipindi kilichoizaa. Mwaka wa 1972, mwandishi Martin Caidin alitoa riwaya iliyoitwa Cyborg. Mwaka uliofuata, televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha filamu iliyotokana na riwaya hiyo, na kuanzia Januari 1974 hadi Machi 1978 ikawa kipindi cha kila wiki. Mchezaji mkuu alikuwa Lee Majors.

Katika hadithi hiyo, Steve Austin ni rubani wa majaribio ambaye ndege yake inaanguka. Anapoteza miguu miwili, mkono wa kuume na jicho la kushoto. Serikali inaamua kumtengeneza upya kwa kumwekea viungo vya mashine, kwa gharama ya dola milioni 6. Tangu hapo anakimbia kama gari, anainua vitu vizito na anaona mbali sana, lakini analazimika kuifanyia kazi idara ya upelelezi iliyomlipia matibabu.

Picha za ndege inayoanguka mwanzoni mwa kipindi si za kuigiza. Zilichukuliwa tarehe 10 Mei 1967 huko California, wakati chombo cha majaribio kiitwacho M2-F2 kilipobiringika wakati wa kutua. Rubani wake, Bruce Peterson, alipona, ingawa baadaye alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja.

Wasemaji wa Kifaransa wanakifahamu kipindi hicho kwa jina la "L'Homme qui valait trois milliards", yaani mtu aliyekuwa na thamani ya miliari tatu. Wengi hujiuliza ni vipi milioni 6 ziligeuka kuwa miliari 3. Sababu yake ni hesabu ya pesa. Mwaka wa 1960 Ufaransa iligeuza franga 100 za zamani kuwa franga 1 mpya, lakini kwa miaka mingi wananchi waliendelea kuhesabu kwa franga za zamani, hasa kwa pesa nyingi. Dola milioni 6, zikihesabiwa namna hiyo, zilikaribia miliari 3. Msomaji wa Kongo anayekumbuka mwaka wa 1993, zaire milioni 3 za zamani zilipogeuka kuwa zaire mpya 1, hatahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo.

Pupe yenye kazi

Kenner haikutaka kutoa sanamu tu ya kuweka mezani. Ilijaribu kumpa mtoto kila alichokiona kwenye televisheni. Mgongoni mwa Steve Austin kuna buto. Ukiibonyeza mara kwa mara, mkono wa kuume unapanda hatua kwa hatua. Toleo la kwanza lilikuja na moteri ya gari ya plastiki ili mkono huo uwe na kitu cha kuinua.

Mkono wenyewe umefunikwa na ngozi laini kama mpira. Mtoto aliweza kuikunja kuelekea juu na kuona ndani yake vipande vidogo vilivyochorwa kama nyaya za umeme, ambavyo viliweza kutolewa na kurudishwa. Kwa watoto wa wakati ule, sehemu hiyo ndiyo ilikuwa siri ya Steve Austin: kwa nje mtu, kwa ndani mashine.

Kitu kimoja hakikufuata hadithi. Katika kipindi, jicho la Steve Austin huvuta karibu vitu vilivyo mbali. Kioo cha pupe hufanya kinyume: kinapanua eneo linaloonekana, na vitu vyote vinakuwa vidogo kama vile vimerudi nyuma. Lakini hakuna mtoto aliyeacha kuchungulia kwa sababu hiyo.

Mauzo yalikuwa makubwa. Kenner ikaongeza Jaime Sommers, mwanamke mwenye viungo vya mashine aliyechezwa na Lindsay Wagner, kisha mkubwa wa idara Oscar Goldman, na adui aitwaye Maskatron anayebadilisha sura. Wingi huo una maana hadi leo: Steve Austin wa kawaida, aliyechezewa na asiye na kartoni, si kitu cha nadra. Anayedhani kwamba uzee peke yake unaleta utajiri anajidanganya.

Kwanza, ni nani huyu?

Wakusanyaji wenye uzoefu hawaanzi na bei. Wanaanza kwa kutambua kitu kilichoko mkononi. Wanapima urefu: Steve Austin wa Kenner ana sentimeta 33, wakati GI Joe mkubwa wa kampuni ya Hasbro ana sentimeta 30. Katika miaka ya 2010, kampuni nyingine ya Marekani ilitoa Steve Austin wa sentimeta 20 hivi kwa mtindo wa zamani. Huyo ni mwanasesere mpya wa sura ya kale, na asichanganywe na yule wa 1975.

Baadaye wanasoma maandishi yaliyochapwa mwilini. Hapa wengi hukosea. Mwaka ulioandikwa kwenye plastiki huonyesha haki ya mwenye kazi, si lazima mwaka ambao pupe yenyewe ilitoka kiwandani. Mwili uleule uliweza kutumika miaka kadhaa bila maandishi kubadilishwa.

Kisha wanatafuta toleo. Baada ya lile la moteri, Kenner ilitoa toleo lenye mkono unaoshika na nguzo ya chuma ya kuigiza. La mwisho lilitoka wakati kipindi kilikuwa kinaelekea mwisho, na huonekana mara chache kuliko la kwanza. Pupe ya toleo moja ikiuzwa pamoja na vifaa vya toleo lingine, hiyo ni mchanganyiko, na bei yake inapaswa kushuka.

Ngozi ya mkono, shahidi wa miaka 50

Baada ya kutambua, kazi ya kupima inaanza. Sehemu ya kwanza kuangaliwa ni ngozi ya mkono. Mpira laini wa aina hiyo hubadilika kwa muda: dawa zinazoufanya uwe laini hutoka polepole, nao unakauka, unapasuka au unanata. Joto na mwanga wa jua huharakisha uharibifu huo. Ndiyo maana pupe nyingi leo zina mkono uliopasuka kwenye kiwiko, au hazina ngozi kabisa.

Anayepima kwa haraka hutaka kuikunja ngozi ili aone kama vipande vya ndani bado vipo. Hilo ni kosa. Ngozi iliyodumu nusu karne bila kukunjwa inaweza kupasuka kwa sekunde moja, na pamoja nayo sehemu kubwa ya bei. Wenye ujuzi huigusa polepole kwa kidole, wanaangalia ukingo wake chini ya taa, na kama imekauka wanaiacha. Afadhali kuandika kwamba vipande vya ndani havikuhakikishwa kuliko kuharibu kitu ili kukithibitisha.

Sehemu ya pili ni kazi ya mashine. Je, buto inaingia na kurudi? Mkono unapanda na kubaki juu, ama unaanguka? Kioo cha jicho kiko safi au kimeingiwa na ukungu? Viungo vya nyonga na magoti vinaweza kuushikilia mwili usimame bila kuegemea ukuta?

Sehemu ya tatu ni ukamilifu. Nguo nyekundu, viatu, moteri na vipande vya mkono vyote vinahesabiwa. Viatu na vipande vidogo ndivyo vilivyopotea zaidi, kwa hiyo huwa na wanunuzi wao wenyewe. Si ajabu mtu kununua pupe iliyovunjika kwa sababu tu ya viatu vyake.

Kartoni tupu nayo ina bei

Sehemu ya nne ni kartoni. Mwaka wa 1975, wazazi wengi waliitupa siku ileile. Kwa sababu hiyo kartoni iliyo nzima, yenye rangi ambazo hazikufifia na pembe ambazo hazikupondeka, inaweza kuongeza bei kuliko mtu anavyotazamia. Na ikiwa haijafunguliwa kabisa, pupe inahama kutoka soko la vitu vya kuchezea na kuingia soko la vitu vya kuhifadhi.

Kwa vitu vya namna hiyo kuna mashirika yanayotoa alama. Linalojulikana zaidi Marekani ni AFA, ambalo hupima kwa ngazi ya 10 hadi 100 na kufungia kitu ndani ya sanduku gumu linalopitisha mwanga. Alama humsaidia mnunuzi aliye mbali asiyeweza kushika kitu kwa mkono. Lakini huduma hiyo hulipiwa, na kwa pupe ya kawaida gharama yake inaweza kumaliza faida yote. Tena ngozi ya mkono haijui kwamba imepewa alama nzuri. Huendelea kuzeeka ndani ya sanduku lake.

Bei inayoombwa, bei inayolipwa

Kosa linalowaumiza wauzaji wapya ni kuangalia bei zinazoombwa kwenye intaneti. Mtu yeyote anaweza kuomba dola elfu moja kwa pupe isiyo na mkono. Bei yenye maana ni ile ambayo mnunuzi alikwisha kulipa, kwa kitu cha toleo lilelile na hali ileile, katika miezi ya karibuni. Mauzo kadhaa ya namna hiyo yanaonyesha soko. Moja tu linaweza kuwa la wanunuzi wawili walioshindana kwa hasira usiku mmoja.

Kosa la pili ni kumwuliza bei mtu yuleyule anayetaka kununua. Mfanyabiashara anayesema "kitu hiki hakina thamani kubwa" huku akitoa pesa mfukoni hawezi kuwa mwamuzi na mshiriki kwa wakati mmoja. Jambo hilo ni zito zaidi wakati muuzaji ni mjane au yatima asiyejua mali aliyoachiwa. Mwenye kufiwa hana sababu ya kuuza siku hiyohiyo. Ni vema apige picha za kila upande, aandike kila kasoro, na kuomba maoni ya watu wasiopungua wawili ambao hawana nia ya kununua.

Kosa la tatu ni kutengeneza na kunyamaza. Leo zinapatikana ngozi za mikono na vifaa vingine vilivyotengenezwa upya kwa mfano wa vile vya zamani. Hakuna ubaya kumrudishia Steve Austin mkono wake ili asimame vizuri kabatini. Ubaya unakuja pale muuzaji anapoficha kwamba mkono ni mpya na kudai bei ya mkono wa 1975. Soko la wakusanyaji ni dogo, na jina lililochafuka humo halisafiki upesi.

Thamani isiyoandikwa kwenye risiti

Katika kipindi cha televisheni, mwili uliovunjika ulitengenezwa upya na kupata thamani kubwa kuliko zamani. Kwa pupe yake mambo yamegeuka: aliyeguswa kidogo ndiye ghali, na aliyetengenezwa upya hushuka bei. Yule ambaye mtoto alilala naye, akamrusha kutoka juu ya ukuta na kumkunja ngozi mara mia ili kumwonyesha rafiki yake, ndiye soko linamwita "hali mbaya".

Hapo ndipo kila familia inapaswa kuamua kabla ya kutafuta mnunuzi. Kama pupe ni nzima na pesa zinahitajika, ipimwe kwa haki na iuzwe. Kama mkono umepasuka na bei yake haifiki hata nauli ya kuituma, basi huenda mwenye kuipatia thamani yumo nyumbani mwenyewe: mjukuu ambaye hajawahi kusikia jina la Lee Majors, lakini akionyeshwa tundu lile nyuma ya kichwa, ataweka jicho lake hapo bila kuambiwa.