Maji ya kuzuia uzee: kipi kimethibiti na kipi ni biashara?



Swali linaloulizwa sana hivi sasa, mabarazani na katika makundi ya simu, ni kama kweli yapo maji yanayozifanya upya chembe za mwili na kumrudishia mzee ujana wake. Wauzaji wanapita majumbani na mashine za kubadilisha maji yawe ya "alkali", wengine na chupa za maji wanayodai yamepangwa upya. Bei zake ni kubwa, na mara nyingi anayeshawishika ni mtu mzima aliyekwishastaafu, au mtoto anayetaka kumfanyia wema mama yake. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Tuanze na la dini. Katika Hadithi ya Usama bin Shariik iliyopokelewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliamrisha watu wajitibu na akaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni uzee. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kuondoa uzee anakuuzia kitu kilichokwishatolewa katika orodha. Lakini maradhi yanayoandamana na uzee, kama presha, figo na kukaukiwa na maji mwilini, hayo yamo ndani ya amri ya kujitibu, na hapo ndipo maji ya kila siku yanapoingia.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno ambazo wataalamu huziita seli, na kila seli imejaa maji. Mtoto mchanga maji ni kama robo tatu ya uzito wake, mwanamume mtu mzima ni kama asilimia 60, na mzee hushuka karibu na nusu. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, Leonard Hayflick, alionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu zinapooteshwa maabara hugawanyika kiasi cha mara 40 hadi 60, kisha husimama. Baadaye ikafahamika kuwa ncha za nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli hupungua kila seli inapogawanyika, na watafiti watatu, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Wauzaji wa maji wanapenda sana kuutaja utafiti huu. Wasichokisema ni kuwa hakuna maji yoyote yaliyothibitishwa kurefusha ncha hizo kwa binadamu.

Na hoja ya "alkali" haisimami hata kwa hesabu ndogo. Uchachu wa kitu hupimwa kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni katikati, chini yake ni uchachu na juu yake ni alkali. Damu ya mtu mzima wa afya hukaa baina ya 7.35 na 7.45, na mapafu na figo ndizo zinazoilinda usiku na mchana. Maji ukiyanywa yanatua kwanza tumboni, na asidi ya tumbo ni kali mno, hushuka hata chini ya 2. Glasi ya alkali inayotua humo inamalizwa hapo hapo. Kama damu yako ingebadilika kwa glasi ya maji, basi ndimu katika mchuzi ingekulaza hospitali.

Madhara makubwa si fedha peke yake. Ni pale mzee anapoambiwa aache vidonge vyake vya presha au sukari kwa kuwa maji yatamponya. Muuzaji anayesema hivyo hali ya kuwa hana uhakika anaingia katika ghishi iliyokatazwa katika biashara, na familia ina haki ya kumfungia mlango.

Sasa tuje kwenye yaliyothibiti, ambayo hayana bei.

Mtu anapozeeka, hisia ya kiu hupungua. Mwili unahitaji maji lakini haudai. Wakati huo huo figo za mzee hazina tena nguvu ya kubana mkojo na kuhifadhi maji kama za kijana. Mambo mawili haya yakikutana, mzee anakauka polepole: kizunguzungu anapoinuka kwenye sijda, choo kigumu, mkojo wa rangi ya chai, na wakati mwingine kuchanganyikiwa ambako nyumba nzima inadhani ni akili zimeanza kumwondoka. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 11,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokuwa na sodiamu ya juu katika damu, ambayo huweza kuashiria kunywa maji machache, walionekana zaidi kuwa na miili iliyozeeka kuliko umri wao na kupata maradhi sugu. Huo ni uhusiano tu. Watafiti wenyewe walisema haujathibitisha kuwa kunywa maji zaidi kutachelewesha uzee. Hata hivyo unatosha kumfanya mtu aangalie glasi ya babu yake.

Na hapa kuna jambo ambalo daktari hawezi kuliona ila sisi tunalijua. Wazee wengi wanajinyima maji kwa makusudi. Anaogopa kuinuka usiku na kuanguka ukumbini, au anaogopa udhu kumtoka msikitini. Mwenye kutokwa na mkojo bila ya kujizuia ameruhusiwa na sharia: anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatawadha kwa kila Sala ya faradhi baada ya wakati kuingia, na kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru. Mwambieni hivyo kwa upole, kwani wengi wanaona haya kuuliza. Na mwezi wa Ramadhani, mzee anayefunga agawe maji yake kidogo kidogo baina ya futari na daku badala ya kunywa jagi zima alfajiri. Asiyeweza kufunga kwa uzee ana ruhusa ya kutoa fidia. Aliyekatazwa na daktari kunywa maji mengi kwa sababu ya moyo au figo, huyo afuate kipimo chake.

La pili ni chumvi. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni ardhi ya uwanda, mawe ya matumbawe yenye matundu. Maji baridi yaliyo chini yake ni kama tabaka lililoelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Kanuni ya wataalamu wa maji ni kuwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inalingana na kama mita 40 chini yake. Ukivuta maji kwa pampu ukayashusha kidogo tu, chumvi inapanda kwa wingi kutoka chini. Kisima kilichokuwa kitamu wakati wa babu zetu kinaanza kukolea.

Ulimi wa watu wengi huanza kuihisi sodiamu ikifika kama miligramu 200 kwa lita. Anayekunywa lita mbili za maji hayo amekula gramu moja ya chumvi kabla hajaonja mchuzi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku. Maji yakiwa makali mara tatu ya hapo, ni gramu tatu. Huko pwani ya Bangladesh, katika eneo la Dacope, watafiti waliona wajawazito wanaokunywa maji yenye chumvi zaidi walipatwa zaidi na presha na kifafa cha mimba. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa na figo, na hapo ndipo mtu wa miaka 50 anapopata figo za mtu wa 70. Ikumbukwe kuwa kuchemsha hakuondoi chumvi, bali kunaikoleza. Nyumba yenye kisima cha chumvi iwatengee wajawazito na wenye presha maji ya mvua au ya bomba kwa kunywa na kupikia, na ya kisima yabaki ya kufulia na kuogea.

La tatu linahitaji kufahamika vizuri, kwa sababu tunachanganya mambo mawili. Maji ya bahari ni twahara na yanatawadhiwa, lakini hakuna anayeyanywa. Basi kufaa kwa udhu na kufaa kwa kunywa ni hukumu mbili tofauti. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, maji yaliyofikia kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya twahara. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuharisha havibadilishi rangi wala ladha wala harufu. Kisima kilichochimbwa karibu na karo, tena katika mawe ya matundu, kinaweza kukupa udhu sahihi na kukulaza hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto anayeharisha mara kwa mara utumbo wake unachakaa, chakula hakimkai, na udhaifu huo anaweza kuubeba hadi utu uzima.

Dawa yake ni nyepesi. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Asiye na kuni wala gesi ajaze chupa safi za plastiki angavu, maji yakiwa maangavu, aziweke kwenye jua kali kwa saa sita, na siku za mawingu siku mbili. Kisha mtungi au ndoo ifunikwe, na Sunna ya kufunika vyombo usiku tunayo tangu zamani. Maji yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usiingie, na kata isiachwe chini.

Na kabla ya kulipia mashine yoyote, mpelekeni mzee kituo cha afya apimwe presha, sukari na figo, na mkiweza maji ya kisima chenu nayo yapimwe.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.