Semina ya Mwalimu na Darasa la Jumatatu

Ukipita katikati ya jiji la Dar es Salaam siku ya Jumamosi, kuanzia Mnazi Mmoja hadi ndani kabisa ya Kariakoo, huenda ukaona bango la kitambaa limetundikwa kwenye ukumbi wa kanisa au kwenye darasa la shule. Ndani wamekaa walimu 40 au zaidi, kila mmoja na daftari jipya na kalamu. Mwezeshaji amesimama mbele na karatasi zake kubwa, anawagawa katika makundi. Saa nne kuna chai na sambusa, mchana wali, jioni picha ya pamoja na vyeti. Nje muuza mitumba anatangaza bei kwa kipaza sauti, na mwezeshaji hana budi kumsubiri avute pumzi.

Sisi akina mama tunaosaidia kwenye kumbi hizo, wengine jikoni na wengine kwa kufundisha somo la afya kwa kuwa ni wauguzi, tumeona semina nyingi za namna hii. Walimu huzifurahia, nasi hatuwalaumu, maana kazi yao ina siku chache za kukaa na kuhudumiwa. Lakini wewe mama mwenye mtoto shuleni una haki ya kuuliza swali moja. Jumatatu asubuhi, mwalimu yule akisimama mbele ya watoto, ni jambo gani atakalofanya ambalo Ijumaa hakulifanya?

Yaliyotokea wodini Haydom

Swali hili sisi wauguzi tulikutana nalo kwenye kazi yetu wenyewe. Mwaka 2010, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, wakunga na wahudumu wengine walipewa mafunzo ya siku moja juu ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua mara anapozaliwa. Walifanya mazoezi kwa mwanasesere hadi wakaweza. Walipopimwa tena baada ya miezi kadhaa, mikono yao juu ya mwanasesere ilikuwa hodari kweli. Hata hivyo wodini, kwa watoto wenyewe, watafiti hawakuona mabadiliko yoyote ya maana. Ujuzi ulikuwapo, ila haukuvuka mlango wa chumba cha mafunzo.

Ndipo utaratibu ukabadilishwa. Mwanasesere aliwekwa palepale wodini. Kila wiki wahudumu walifanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5, wawili wawili, na mara moja kwa mwezi wakakaa kwa dakika 40. Vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na leo wauguzi wengi wanayafahamu.

Fikiri sasa juu ya mwalimu. Amekwenda semina siku tatu, amerudi na cheti na makaratasi. Darasani anakuta watoto wengi kupita 45, ambacho ndicho kiwango kilichowekwa na Serikali kwa mwalimu mmoja. Wenzake hawakwenda semina, kwa hiyo hawajui anazungumza habari gani. Mwezeshaji amekwisha rudi kwao. Kufikia Alhamisi atafundisha kama alivyofundishwa yeye alipokuwa mdogo, na hapo hakuna uvivu wowote. Muuguzi mgeni akiachwa peke yake zamu ya usiku hufanya vivyo hivyo.

Ualimu unaofundishwa shuleni kwenyewe

Nchi yetu imewahi kujaribu njia nyingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe wameanza masomo ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa muda wa miaka 3, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kushika darasa huku wakiangaliwa na walimu wazoefu. Watani wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha huo hatuupendi. Wengi wetu tuliojifunza kusoma miaka ya 1980 tulishikwa mkono na walimu hao. Elimu yao wenyewe ilikuwa fupi, hilo ni kweli na lilionekana. Lakini kujifunza leo na kujaribu kesho mbele ya watoto halikuwa wazo baya hata kidogo.

Wazo hilo limerudi kwa sura nyingine. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 ulileta Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo walimu huyaita MEWAKA. Taasisi ya Elimu Tanzania hutayarisha masomo yake. Walimu wa shule moja hukutana shuleni kwao katika kundi linaloitwa jumuiya ya kujifunza, na wale wa shule za jirani hukutana kwenye kituo cha walimu. Haja imezidi kuwa kubwa tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika kwa baadhi ya madarasa.

Kikao kizuri cha jumuiya hiyo hakina sherehe. Tulikaribishwa kwenye kimoja tukakaa nyuma. Mwalimu wa darasa la pili aliwaambia wenzake waziwazi kwamba kutoa kumemshinda: akiandika ubaoni 23 toa 8, nusu ya darasa wanajibu 25. Walimu wakatazama madaftari ya watoto. Mmoja akagundua kwamba mtoto anaona 8 ni kubwa kuliko 3, kwa hiyo anaigeuza na kutoa 3 kwenye 8, anapata 5, kisha anaiandika 2 ilivyo. Hakuwa anabahatisha, alikuwa na njia yake, na ni njia iliyopotoka. Mwalimu mwingine akaleta vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira, akaonyesha namna ya kufungua fungu moja ili kupata vijiti 13 vya kutolea 8. Ikaamuliwa afundishe hivyo kesho yake, na mwenzake mwenye kipindi kitupu akae darasani atazame. Kikao hakikufika saa nzima. Hakuna aliyepewa cheti, na hatudhani kuna aliyekikumbuka.

Kiboko je?

Hapa mzazi wa Kariakoo atatuuliza habari ya fimbo, maana ndiyo inayowaliza watoto nyumbani. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka: fimbo zisizidi 4, achape mwalimu mkuu au yule aliyempa ruhusa kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kila mama anajua mara ngapi mpaka huo hurukwa. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009, kama nusu ya vijana walioulizwa walisema waliwahi kupigwa na mwalimu kwa ngumi, mateke au mjeledi kabla ya kufikia umri wa miaka 18.

Je, semina huondoa kiboko? Majibu mawili ya jirani zetu yanafundisha. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilihusika katika utafiti uliomalizika mwaka 2014. Nusu ya shule hizo zilifuata mpango wa shule nzima kwa kama mwaka mmoja na nusu: walimu, wanafunzi na uongozi walikaa pamoja, wakajiwekea malengo, wakakumbushana, wakatembelewa tena na tena. Mwishoni, watoto waliosema wamepigwa na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa 31 katika 100, wakati shule zisizofuata mpango huo walikuwa 49. Bado ni wengi, lakini pengo hilo ni watoto halisi.

Jibu la pili limetoka hapa Tanzania, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Huko walimu walikutana vikundi kwa vikundi, majuma machache tu, wakijifunza kutuliza hasira na kutawala darasa bila fimbo. Majibu yalipotoka mwaka 2021, watoto wa shule zilizopata mafunzo walikuwa wakipigwa karibu sawa na wale wa shule ambazo hazikuyapata. Kambi ni mahali pagumu, na hatusemi walimu wale hawakusikiliza. Kwa maoni yetu muda ulikuwa mfupi mno, na mwalimu aliachiwa mzigo peke yake wakati shule na wazazi waliomzunguka wamebaki vilevile. Nasi wazazi tujiangalie. Mama anayempeleka mtoto shuleni na kusema "mwalimu, mchape tu" anabomoa semina nzima kwa maneno matatu.

Nusu saa ya kifafa

Somo tunaloombwa zaidi kufundisha ni huduma ya kwanza, na humo walimu huuliza zaidi juu ya kifafa. Tumejifunza kutolifanya hotuba. Mwalimu mmoja analala sakafuni kama mgonjwa, wengine wanamhudumia, kisha wanabadilishana. Sogeza madawati. Weka kanga au sweta chini ya kichwa. Legeza kola. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Tazama saa. Mitikisiko ikitulia, mlaze ubavu ili mate yatoke, na usimpe maji mpaka awe ameamka kabisa. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Mate yake hayaambukizi kifafa, na mwalimu akimgusa mtoto huyo mbele ya wenzake amefundisha darasa lote.

Nusu saa inatosha, lakini muhula unaofuata turudie. Tunaporudi huwa tunamwomba mwalimu mmoja awafundishe wenzake, sisi tunatazama tu. Hapo ndipo unapojua ni nini kilichobaki vichwani.

Vivyo hivyo kwa mtoto asiyeona ubao vizuri. Yule anayenakili kwenye daftari la jirani huitwa mwizi, kumbe macho ndiyo tatizo. Kwa mambo kama haya walimu wa Kariakoo wana bahati. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ipo papa hapa, nayo inajulikana kwa kupokea watoto wasioona na wengine wenye ulemavu pamoja na watoto wengine. Nusu siku ya kukaa nyuma ya darasa la mwenzako pale, kwa idhini ya wakuu wa shule zote mbili, inaweza kumfaa mwalimu kuliko makaratasi mengi ya semina.

Mwalimu naye ana nyumba

Usisahau pia kwamba mwalimu anayefundisha katikati ya mji mara nyingi hakai mjini. Anatoka Mbagala, Gongo la Mboto au Chanika, yuko kituoni alfajiri na giza, na jioni anagombea daladala na wafanyabiashara wenye mizigo. Wengi wao ni akina mama kama sisi. Semina ya Jumamosi inamnyima siku ya kufua na ya biashara ndogo inayomalizia mwezi. Ndiyo maana anauliza posho, na wanaomcheka hawajawahi kulipa nauli ile. Kikao kinachofanyika shuleni kwake siku ya kazi hakimdai nauli ya pili, ila kinamdai muda, na muda huo watoto wawe mahali salama.

Hapo ndipo sisi tunaweza kuingia. Kwenye mkutano ujao wa wazazi, muulize mwalimu mkuu: jumuiya ya kujifunza ya shule yetu hukutana siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho walijadili nini? Kama hukutana, siku hiyo usimvutie mwalimu kesi ya penseli iliyopotea. Kama hawakutani, uliza kamati ya shule ni nini kinachozuia. Mara nyingine utakuta ni jambo dogo, kama kukosa mtu wa kukaa na darasa la kwanza na la pili. Mahali tulipokubaliwa na mwalimu mkuu, tunapeana zamu akina mama wawili wawili, tunakaa na watoto hao mchana wakichora na kuimba mpaka walimu watoke ofisini. Chai tunaichangia. Chupa mbili kubwa na mandazi kutoka kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara huwatosha walimu wote.