Mhandisi Analipwa na Mmoja, Anaamua kwa Wawili

Mkandarasi akimaliza sehemu ya kazi hupeleka madai yake kwa msimamizi wa mkataba. Kwenye jengo, mara nyingi huyo ni msanifu. Kwenye barabara na madaraja ni mhandisi mshauri. Yeye ndiye anayepima kazi, kusaini hati ya malipo, na kuamua kama mafuriko yaliyosimamisha mitambo yanampa mkandarasi haki ya kuongezewa muda au kama atakatwa fidia ya ucheleweshaji. Saini yake inaweza kumfilisi mtu, na ada yake hutoka upande mmoja tu: kwa mwenye mradi.

Hapo ndipo penye mtihani. Anapochora au kutoa maelekezo ya kazi, msimamizi ni wakala wa mwenye mradi na anatakiwa kumtii. Anapothibitisha malipo, hapaswi kupokea amri ya mtu.

Mahakama za Uingereza zililisema hili zamani. Mwaka 1913, katika kesi ya Hickman na Roberts, msanifu alikuwa amezuia hati ya malipo kwa sababu tu mwenye jengo alimwagiza hivyo. Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa nchini humo, liliamua kwamba mtu aliyekubali kuagizwa namna hiyo amepoteza uhuru wake, na hati zake hazimfungi tena mkandarasi. Mwaka 1974, katika kesi ya Sutcliffe na Thackrah, upepo ulivuma upande wa pili. Wasanifu waliidhinisha malipo ya kazi mbovu, mjenzi akafilisika, mwenye nyumba akabaki na hasara. Walijitetea kwamba walikuwa kama waamuzi, hivyo hawashitakiki. Utetezi ukakataliwa: haki kwa pande zote mbili haimwondolei msimamizi wajibu wa kupima kwa uangalifu.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya mwaka 2005, kuhusu upanuzi wa stesheni ya St Pancras jijini London. Kundi la wakandarasi, kampuni ya Costain ikiwemo, lilidai kwamba kiongozi wa Bechtel, kampuni iliyoshiriki kusimamia mradi huo, aliitisha kikao cha wafanyakazi wa timu iliyosimamia mkataba na kuwataka wakaze mkono, wakatae hata gharama halali. Bechtel walijibu kwamba meneja wa mradi chini ya mkataba ule hana wajibu wa kutopendelea, kazi yake ni kulinda maslahi ya mwajiri. Jaji Jackson hakutoa zuio lililoombwa, lakini hakushawishika na hoja hiyo. Alikuwa sahihi. Kama anayepima gharama ana ruhusa ya kupendelea, mkandarasi makini ataingiza hatari hiyo kwenye bei ya zabuni, na mwenye mradi ndiye atakayeilipa.

Afrika Mashariki suala hili linatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa barabara nyingi zinazojengwa kwa mikopo ya benki za maendeleo hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Mkataba wake wa ujenzi uitwao Kitabu Chekundu, toleo la mwaka 1987, ulimtaka mhandisi asipendelee. Toleo la 1999 likakiri wazi kwamba anamwakilisha mwajiri, ingawa uamuzi wake lazima uwe wa haki. Toleo la 2017 limerudisha uzito: anapoamua madai chini ya kifungu 3.7 hachukuliwi kuwa anamtumikia mwajiri, na halazimiki kuomba kibali chake kwanza.

Hata hivyo ulinzi huo unaweza kufutwa kwa mstari mmoja kwenye masharti maalumu, pale mwajiri anapoandika kwamba nyongeza yoyote ya muda au fedha lazima aidhinishe yeye. Mkandarasi anayejaza zabuni aanze kusoma kurasa hizo kabla ya kupanga bei, na akiukuta mstari huo aulize kwa maandishi, zabuni ikiwa bado wazi.