Baiskeli Begani: Tope la Munyaka na Hofu ya Mama

Mwezi wa Agosti, wakati kusi ingali ikivuma kwetu pwani, mvua ya Eldoret haikosi siku nyingi. Tulikuwa tumeketi jikoni kwa dada yetu, mtaani Munyaka, tumejitanda shali juu ya shali kwa baridi ya mji ulioinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mara mlango ukasukumwa, akaingia mwanawe wa kiume, ametapakaa tope tangu kisogoni hadi vidoleni, baiskeli begani. Tulidhani ameanguka.

"Sikuanguka, mama mdogo," akasema. "Mchezo wenyewe ndio huu."

Mchezo huo ni saikolokrosi. Ulianzia Ulaya, na hadi leo Wabelgiji wanaupenda mno. Hufanywa msimu wa baridi na mvua, katika njia ya mzunguko isiyozidi kilomita tatu na nusu, yenye majani, mchanga, tope na vilima vifupi. Njiani huwekwa mbao za kimo kisichozidi sentimita 40. Mwendeshaji hushuka mbio, akaitwika baiskeli begani, akaruka, kisha akapanda tena bila kusimama. Mabingwa hushindana kwa muda wa saa moja hivi. Mashindano ya dunia yalianza Paris mwaka 1950. Wanawake walingoja hadi mwaka 2000 kupata ya kwao.

Jumapili tukaenda kumtazama. Usidhani palikuwa na jukwaa wala bendera. Walikuwa vijana wa mtaani wasiofika ishirini, na mbao mbili zilizoazimwa kwa fundi seremala. Walianza asubuhi ili wamalize kabla ya Adhuhuri. Mtoto wetu alipanda baiskeli ya mtumba yenye tairi pana, ambayo kwa kanuni za Ulaya isingekubaliwa, kwani huko tairi hairuhusiwi kupita milimita 33.

Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili alichelewa kushuka, gurudumu la mbele likagonga ubao, naye akaenda chini kifudifudi. Tulisikia dada yetu akivuta pumzi, lakini hakusema neno. Mzunguko wa nne tope lilijaa kati ya tairi na uma hata gurudumu likakataa kuzunguka, ikawa sasa baiskeli ndiyo inayompanda yeye. Twakiri kwamba mpaka hapo tuliuona mchezo huu ni utoto. Tulipomwona akikipanda kile kilima na mzigo ule, magoti yakimtetemeka, tukanyamaza.

Alimaliza wa tatu kutoka mwisho. Jioni alitueleza aliyojifunza: kupunguza upepo wa tairi ili zishike ardhi, kushuka hatua kadhaa kabla ya ubao, na kutoshika breki ukiwa tayari umo ndani ya kona. Aliyasema haya kwa furaha ambayo hatujapata kuiona kwake katika habari za masomo.

Lakini dada yetu ana hofu, na hofu yake ina jina. Suleiman Kangangi, kijana wa Eldoret tuliyemzoea kwa jina la Sule, alishika nafasi ya tatu katika mbio za kuizunguka Rwanda mwaka 2017. Baadaye akawa nahodha wa timu ya Amani, iliyowafungulia waendeshaji wa Afrika Mashariki njia ya mbio za barabara za changarawe. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka akiwa katika mwendo wa kasi kwenye mbio za Vermont, Marekani, akafariki dunia. Alikuwa na miaka 33, ameacha mke na watoto. Mwenyezi Mungu amrehemu.

"Mchezo siukatai," dada alituambia usiku ule. "Naikataa simu ya usiku."

Hatukuwa na la kumjibu upesi. Tulimweleza kwamba mbio za changarawe huwa na miteremko mirefu yenye kasi kubwa, ilhali katika saikolokrosi kasi ni ndogo, na aghalabu aangukaye huangukia topeni. Hata hivyo mfupa wa bega huvunjika topeni pia, na hilo hatukumficha. Kisa cha bedui na ngamia wake kila mzazi anakijua. Wakakubaliana kofia ngumu inunuliwe kwanza, na asifanye mazoezi kwenye barabara kuu ya magari.

Bintiye, aliyekuwa akisikiliza kando ya mlango, akauliza kama naye anaweza kujaribu. Alikwisha kufikiria na mavazi: suruali pana iliyobanwa kifundoni isinaswe na mnyororo, na mtandio mfupi chini ya kofia. Wanawake walishindana Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, naye aliyatazama kwenye simu. Mama yake akamwambia angoje kaka yake amalize mwaka. Sisi tungemruhusu, lakini mtoto si wetu.

Huko Ulaya bingwa hubadilisha baiskeli katikati ya mbio, wasaidizi wakiiosha ile chafu. Munyaka baiskeli ni moja. Asubuhi tulipokuwa tukifunga mizigo tulimkuta dada yetu uani, ndoo ya maji ya moto miguuni, akisugua mnyororo kwa mswaki wa zamani. Alilifinya breki la nyuma mara mbili, akasikiliza, kisha akamwita mwanawe abadilishe raba zake kabla ya Jumapili.