Je, Wajua? Jiwe la Kakontwe na Mikono ya Muuguzi

Je, wajua kwamba jina la Kakontwe, mahali huko Katanga, limevuka mpaka? Wanajiolojia hulitumia kuita tabaka la mawe ya chokaa linaloonekana Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na pia katika Ukanda wa Shaba wa Zambia. Mawe hayo yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi hugeuka chokaa, na viwanda vya shaba na kobalti huitumia sana.

Je, wajua kwamba chokaa inahusiana na kinga ya muuguzi? Chokaa ikizimwa kwa maji kisha ikakutanishwa na gesi ya klorini hutoa unga mweupe wenye harufu kali. Unga wa jamii hiyo ndio unaoyeyushwa kwenye ndoo katika vituo vya kipindupindu na Ebola. Maji ya kunawa mikono huwekwa klorini asilimia 0.05, ya kusafishia sakafu na vitanda, asilimia 0.5, yaani kali mara kumi. Akikosea ndoo, mfanyakazi huumia ngozi na macho. Unga huo ukichanganywa na asidi hutoa gesi ya sumu. Kwa hiyo kila ndoo iandikwe wazi.

Je, wajua kwamba madaktari wa hospitali moja ya Vienna walianza kunawa kwa dawa hiyo baada ya mwenzao kufa kutokana na jeraha la kazini? Machi 1847, daktari Jakob Kolletschka alikatwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akaugua na kufa. Rafiki yake Ignaz Semmelweis, daktari wa wodi ya wazazi, aliona kwamba ugonjwa huo ulifanana na ule uliowaua akina mama waliojifungua wodini. Mwezi Mei akawaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo vya akina mama hao vilishuka kutoka takriban 18 kwa kila 100 mwezi Aprili hadi 2 hivi mwezi Juni.

Je, wajua kwamba Ebola ilifunga hospitali nzima ya Yambuku, nchini Kongo? Mwaka 1976, wagonjwa wa nje pale walidungwa kwa sindano 5 tu zilizogawiwa kila asubuhi, zikasuuzwa na kurudiwa siku nzima. Kati ya wafanyakazi 17, 11 walikufa kwa Ebola. Kijiji kikabaki na wagonjwa bila wa kuwauguza. Mwaka 1995 huko Kikwit, pia Kongo, kati ya wagonjwa 315 wa Ebola, wahudumu wa afya walikuwa 80. Maambukizi kati yao yalipungua sana mara tu glavu, barakoa na magauni ya kinga yalipofika na utaratibu kufuatwa.

Je, wajua ni virusi gani huambukiza zaidi kupitia sindano? Wengi hutaja virusi vya UKIMWI. Lakini kwa asiyechanjwa, sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B inaweza kuambukiza hadi watu 30 kati ya 100 waliochomwa. Ya virusi vya UKIMWI huambukiza 3 hivi kati ya 1,000. Virusi vya homa hiyo huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7. Chanjo yake ipo tangu miaka ya 1980.

Je, wajua la kufanya ukichomwa? Osha jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, toa taarifa papo hapo, na uanze dawa za kinga ya UKIMWI mapema, kabla ya saa 72 kupita. Humezwa kwa siku 28. Sindano iliyotumika isifunikwe tena kifuniko chake. Itupwe moja kwa moja katika sanduku gumu.

Je, wajua kwamba anayechomwa huenda hajashika sindano kamwe? Mfagiaji hukutana nayo kwenye taka, na mfuaji ndani ya shuka. Sheria ya Kazi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamdai mwajiri alinde afya na usalama kazini. Orodha ya chanjo na glavu ya hospitali isipokuwa na jina la mfagiaji, bado haijakamilika.