Lebo ya Shati na Jasho la Mkulima wa Pamba

Siku ya gulio katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mnunuzi wa nguo za mitumba hukagua mshono, vifungo na mahali palipochakaa. Kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi, yaani lebo, aghalabu hakitazami. Pengine hukikata kwa wembe kwa kuwa kinamwasha shingoni. Lakini kitambaa hicho kimebeba maelezo ambayo sheria za nchi za nje zilimlazimisha mwenye kiwanda ayatoe. Maelezo hayo yana faida kwa familia, na yana funzo kwa mkulima wa pamba.

Sheria inavyosema

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nguo, methali hiyo haikutosha. Zilipoenea nyuzi za viwandani kama nailoni na poliesta, jicho na kidole cha mnunuzi vilishindwa kujua kitambaa kimefumwa kwa kitu gani.

Mwaka 1958 Marekani ilitunga sheria ya kutambulisha nyuzi za nguo, ikaanza kutumika mwaka 1960. Sheria hiyo inataka lebo itaje mambo matatu: aina za nyuzi na asilimia ya kila aina kwa uzito, kuanzia iliyo nyingi zaidi, nchi ilikotengenezwa nguo, na jina au namba ya usajili ya mtengenezaji au mfanyabiashara anayehusika. Shati lenye poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35 haliwezi kuuzwa kwa jina la pamba tupu. Mwaka 1972 likaanza kutumika sharti jingine, kwamba mnunuzi aelezwe namna ya kuitunza nguo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2011 inadai aina za nyuzi zitajwe, ila haidai jina la nchi.

Faida nyumbani

Lebo ikiwa haijakatwa, mama au baba wa nyumba huweza kuifuata hata kama hajui lugha iliyoandikwa. Picha ya beseni lenye mkono maana yake nguo ifuliwe kwa mikono. Pembetatu iliyopigwa mistari miwili ya kukingamana hukataza dawa ya kung'arishia. Pasi yenye nukta moja hutaka moto mdogo. Yenye nukta tatu huruhusu moto mkali. Hili ni jambo kubwa kwa anayetumia pasi ya mkaa, ambayo moto wake hauna kipimo. Pamba huvumilia joto, lakini nailoni husinyaa na kuyeyuka, na fedha ya familia ikapotea kwa dakika moja.

Pamba isiyo na jina

Ngara, wilaya iliyo mpakani mwa Rwanda na Burundi, hulima kahawa na migomba. Biharamulo ni miongoni mwa wilaya za Kagera zilimazo pamba. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje katika marobota, ikiwa imechambuliwa tu. Huko husokotwa, hufumwa na kushonwa, na kwa kawaida nchi itajwayo kwenye lebo ni ile nguo ilikoshonwa, wala si ile pamba ilikolimwa. Hivyo shati laweza kurudi gulioni Biharamulo katika robota la mitumba, lina jina la nchi ya mbali, na mwenye jasho lake asilitambue.

Sheria ya Marekani ya AGOA, iliyopitishwa mwaka 2000, ilifungua soko la huko bila ushuru, na nguo zilizoshonwa Tanzania zikauzwa zikiwa na jina la Tanzania ukosini. Hata hivyo sheria hiyo iliziruhusu nchi maskini kushona kwa vitambaa vya kutoka kwingine. Jina likawa letu, lakini pamba haikulazimika kuwa yetu.

Tanzania iliwahi kulitambua jambo hili mapema. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilijengwa ili pamba ya nchi isokotwe, ifumwe na kutiwa rangi hapa hapa. Mkulima hawezi kuandika jina lake kwenye robota la pamba iliyochambuliwa likadumu mpaka ukosini. Jina hilo, pamoja na fedha inayoandamana nalo, huandikwa mahali penye cherehani.