Mgebuka na Mstari Mwekundu: Mazingira ya Kuundia Programu-jalizi ya Tahajia

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri ya menyu, hata hivyo, haikidhi peke yake mahitaji ya mwandishi. Mwanafunzi wa Ujiji aandikapo kuhusu migebuka na kuhe wanaoshushwa mwaloni Kibirizi hutegemea pia kikagua tahajia. Iwapo orodha ya kikagua hicho haina maneno hayo, kompyuta huyapigia mstari mwekundu, na mwanafunzi huenda akayahesabu kuwa makosa maneno ambayo wazee wake huyatumia kila siku.

Tiba yake ni programu-jalizi, yaani kifurushi kidogo kinachochomekwa ndani ya programu kubwa. Katika mfumo wa Hunspell, kiini chake ni faili mbili: ya .dic huorodhesha maneno na mashina, na ya .aff hueleza kanuni za viambishi.

Mazingira mazuri ya kazi hiyo huhitaji zana tatu: kihariri cha matini ghafi kinachohifadhi kwa usimbaji wa UTF-8, Hunspell yenyewe, na Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko ili kosa liweze kutenguliwa. Amri moja, hunspell -d ./sw_TZ -l matini.txt, hutoa maneno yote yasiyotambuliwa, bila kusakinisha upya kifurushi. Zana hizi zikishasakinishwa, hazihitaji intaneti.

Ugumu uliobaki ni wa kiisimu. Kitenzi tuliwavulia kina viambishi awali vitatu: tu- cha nafsi, -li- cha njeo na -wa- cha yambwa. Hunspell, kwa kawaida, huondoa tabaka moja tu la viambishi awali. Hivyo basi, mwanaisimu hulazimika kuiandika tuliwa- kama kiambishi kimoja, na kufanya vivyo hivyo kwa kila mfuatano unaokubalika. Kanuni ikiwa pana mno, hupitisha maneno yasiyokuwepo. Ikiwa finyu mno, hukataa maneno sahihi. Kwa sababu hiyo, kila badiliko hupimwa kwa orodha mbili, moja ya maneno sahihi na nyingine ya makosa.

Ni dhahiri, basi, kwamba anayeandika faili hizo huamua pia ni Kiswahili cha nani kitakachohesabiwa kuwa sahihi. Mgebuka hauna budi kuwamo.